Nilimchagulia Vitabu Vibaya vya Uganga, Sasa Anataka Kuvifundisha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa bado na nguvu za kushika penseli, maana kalamu ya wino imekwisha kunishinda, na unisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka. Mimi ni bibi mzee, nilikuwa mkutubi katika maktaba ya umma hadi nilipostaafu, na wasomaji walinibandika jina la Bibi Kimya kwa sababu neno hilo walilisikia kwangu kuliko salamu. Moyo wangu umechoka, daktari amenieleza bila kuzungukazunguka nami nikamshukuru, na kufa kwenyewe hakunitishi sana. Kinachoninyima usingizi ni rafu moja ya vitabu.

Nilipokuwa kazini wasomaji walianza kuulizia vitabu vya uganga, ramli, nyota na imani za watu wa kale, wakaulizia na kuulizia mpaka mkuu wa maktaba akaniambia, "Tafuta vya namna hiyo, chagua vinavyofaa, weka rafu," na mimi ni mtu wa sala, sikupenda hata kidogo, lakini kazi ni kazi, nikaletewa maboksi nikavisoma vyote kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo nilipopata mshtuko, kwa sababu niligundua kwamba vingine vilikuwa vizuri, vizuri kwelikweli. Kulikuwa na kimoja ambacho mwandishi wake alikaa na wapiga ramli miaka mingi, akaandika wanavyouliza, wanavyonyamaza, na siku ambazo kete zilipingana zenyewe kwa zenyewe wakamwambia mteja arudi nyumbani, leo hakuna jibu. Kingine kilieleza jinsi watu wa kale walivyoheshimu chemchemi na misitu yao, bila kuwacheka na bila kuwapamba. Na vingine, mshauri, vilikuwa takataka: majalada yenye macho na moto, kurasa zimejaa ahadi, kila ugonjwa una adui na kila adui ana herufi ya jina lake.

Basi nikafanya ujanja. Nilijiambia kwamba nikiweka vizuri watu watavutwa na mambo hayo, lakini nikiweka vya kipuuzi watasoma, watacheka, watarudisha, wataenda zao kwenye rafu ya kilimo au ya hesabu, na nitakuwa nimewalinda. Nikajaza rafu ile kwa vitabu vibaya kuliko vyote, kwa makusudi, kwa ujuzi wangu wote wa kuchagua, na vile vizuri nikaviandikia kwamba havifai kwa wasomaji, vikaondolewa, nikavibeba nyumbani kwa kikapu, na vimo kabatini kwangu chini ya mashuka hadi ninapokuandikia.

Hawakucheka. Waliviazima mpaka vikaachia nyuzi.

Kati yao alikuwamo fundi redio mmoja, wakati huo kijana, ambaye kila mapumziko ya mchana alikuja na mikono inayonuka risasi ya kuunganishia nyaya, akakaa meza ya dirishani na kitabu chekundu, kile kibaya kabisa, nami nilimwona nikasema moyoni ataacha mwenyewe. Hakuacha. Sasa ana mvi, bado anatengeneza redio, lakini nyuma ya karakana yake kuna pazia, na nyuma ya pazia anaagua watu. Wiki iliyopita alikuja kunitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Fundi. Mbona umevaa kama bwana harusi?"

"Nimekuja na ombi kubwa, sikutaka kuja na aproni. Mama, wewe ndiye uliyenifumbua macho."

Mke wa mwanangu, ambaye ndiye anayeniuguza na hana desturi ya kumeza maneno, alikuwa pembeni anakunja nguo. "Kama alikufumbua macho," akamwambia, "mbona umepita na viatu juu ya mkeka wangu?"

Fundi akacheka, akavua viatu akavitoa nje, akarudi kuketi karibu na kitanda changu. Akaniambia anataka kuanza kufundisha uaguzi, wanafunzi ameshawapata, na anaomba nimwandikie kwa mkono wangu orodha ya vitabu vyenye maana katika fani hiyo ili akaibandike karatasi hiyo ukutani.

"Vitabu gani unavyovitaka?" nikamuuliza.

"Vilevile vya rafu yako. Cha jalada jekundu nimekihifadhi chote, niulize ukurasa wowote. Watu wakijua ni wewe uliyevichagua, nani atabisha? Bibi Kimya hakuweka takataka maktabani."

Nikamwambia nimechoka, aje siku nyingine. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka kinyumenyume kwa heshima, na mimi nikabaki natazama kabati.

Baadaye mkwe wangu akanimalizia. Akasema kitabu hicho chekundu ndicho kilichomwachanisha fundi cherehani wa mtaa wetu na dada yake mkubwa. Huyo fundi cherehani, mwanamke wa watu, alikuwa anaumwa kichwa kila jioni, akaenda nyuma ya pazia, kitabu kikafunguliwa, herufi zikahesabiwa, ikaonekana adui ni mtu anayechangia naye ukuta. Anayechangia naye ukuta ni dada yake. Walikuwa wanapikiana, sasa wanapita kwenye ujia mmoja kila mtu ametazama upande wake. Mkwe wangu alinieleza kama umbea tu, hajui lolote kuhusu mimi na rafu ile, na nilipogeuza uso akadhani nimechoka kusikiliza.

Sasa nishauri. Nimwambie mtu mzima, mwenye heshima zake, kwamba alichojengea nusu ya maisha yake nilikichagua kwa sababu kilikuwa kibaya? Au nimpe vitabu vizuri niseme tu kwamba hivi ni vya hatua ya pili, nife bila kumuumiza? Au nimwambie mkwe wangu avichome vyote, maana naogopa vile vizuri vitamtia nguvu zaidi katika jambo ambalo mimi mwenyewe siliamini? Na niongeze hili, kwa kuwa nimekwisha kuanza kusema kweli: siamini ramli, lakini vile vya kabatini nimevisoma na kuvirudia kuliko vitabu vyote nilivyowahi kushika, na sijawahi kumwazima mtu hata kimoja. Fundi amesema atarudi Jumamosi.

Wako,
Bibi Kimya

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Bibi. Nimekuamkia mapema, maana ninayotaka kukuambia yana ukali kidogo, na sitaki useme nimekukosea adabu.

Pole kwa kuugua, na pole zaidi kwa kulibeba jambo hili peke yako. Nakuamini unaposema ulitaka kuwalinda watu. Lakini hukuwalinda, Bibi. Uliwadharau. Uliamini kwamba wewe unaweza kusoma kitabu kizuri cha ramli ukabaki na akili zako na sala zako, ila fundi redio hawezi. Ukamwekea uji wa maji mezani, chakula ukakificha chini ya mashuka, kisha ukashangaa kwamba mwenye njaa ameunywa uji. Alikuwa na njaa! Na hukuvifungia vile vizuri kwa sababu ni vya hatari tu. Ulivifungia kwa sababu unavipenda. Huo ni uchoyo, ingawa wa mtu msomi.

Ukiondoa ile ya kumwambia kweli, hizo njia zako nyingine zote ni rafu ileile. Ukimdanganya kwamba ni hatua ya pili, umemchagulia tena. Ukivichoma, umemchagulia tena. Hata kumhurumia usimwambie kweli ni kumchagulia. Mtu ana mvi sasa. Mwache aumie, kisha mwache aamue.

Jumamosi akija, mwambie mkwe wako abaki chumbani, asikie. Usianze kwa kuzunguka. Mwambie: "Fundi, kile chekundu nilikiweka kwa sababu kilikuwa kibaya kuliko vyote. Nilikosea, wewe hukukosea kuniamini." Maneno hayo yanatosha. Usimweleze ulivyokuwa na nia njema. Nia njema aigundue mwenyewe akipenda. Huenda akakasirika, akaondoka bila kukushika mkono. Ni haki yake, na usimtume mtu kumbembeleza.

Akibaki, mpe ufunguo wa kabati mkononi. Atakuuliza kipi kinafaa, na hapo una jambo la kumfundisha, maana ulilijua tangu zamani ukalificha. Wasomaji wangu wengine nao wananiuliza swali hilo kila mara, basi wasikilize humu humu. Kitabu cha uganga au cha imani za kale kinachostahili muda wako kinakuambia mwandishi alikaa na nani na wapi hakuelewa. Kinasimulia na siku ambazo kete zilikataa. Hakikukatazi kwenda hospitali. Na kikikutajia adui ndani ya nyumba yako bila kukujua wewe wala nyumba yako, kifunge, hata kama jalada lake linang'aa namna gani. Fundi ataelewa haraka. Akiletewa redio bubu hamwambii mteja kwamba jirani ameiharibu kabla hajafungua mfuniko. Muulize kwa upole kwa nini nyuma ya pazia anafanya hivyo.

Usiogope kwamba vitabu vizuri vitamtia nguvu. Vinaweza kumtia nguvu, vinaweza kumfanya aliondoe pazia, vinaweza kumfanya akae kimya mbele ya mteja mmoja aliyetaka kusikia jina la adui. Hutakuwapo kuona, na hilo si kazi yako.

Karatasi ya kubandika ukutani usimwandikie. Badala yake mwombe jambo moja, naye awe na hiari ya kulikataa: aende mwenyewe kwa yule fundi cherehani amwambie kwamba kitabu kilikuwa cha uongo. Aende mchana, asimame kwenye ule ujia wao, aseme kwa sauti ambayo ukuta hauizuii. Wewe hutaweza kutembea hadi huko, lakini mtume mkwe wako akampeleke mwanamke huyo kupimwa macho. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima, akaumwa kichwa kila jioni, ahitaji mwaguzi wa nini? Mkwe wako hamezi maneno, kazi hiyo itamfaa.

Yakishafanyika hayo, na kama Fundi hajaondoka, mwambie macho yako yamechoka, achague kitabu kimoja kabatini akusomee. Akichagua usichokipenda, usiseme. Akianzia katikati, usimwelekeze ukurasa. Akikwama kwenye neno, mpe nafasi alisome tena. Maisha yako yote uliwaambia wengine "Kimya!" nao wakakutii.

Sasa ni zamu yako, Bibi. Lala, usikilize.