Aliyekunywa ni Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwambia mwanangu Agata achukue daftari, avae sweta, afunge mlango. Kavaa sweta, kasimama. Mambo matatu kwa mpigo hayamkai. Saa nne nikaitwa shule tena. Mwalimu wake wa darasa la tatu anasema ni uvivu wa makusudi: Ijumaa alijua tatu mara nne, leo hajui. Kamchapa. Anataka arudishwe la kwanza, akakae na watoto wa miaka saba. Agata ana kumi. Nimerudi nyumbani na hasira.

Jumatano, 6 Machi
Hospitali, mjini. Daktari kauliza kama nilikunywa pombe nikiwa na mimba yake. Ndiyo. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, karibu kila siku. Mama mkwe alikuwa ananiwekea mrija wangu kwenye chungu, eti kinaongeza damu. Daktari kasema pombe ilimuumiza ubongo tangu tumboni. Si uvivu. Ya kusikia yanamtoka upesi. Ya kuona na kushika yanakaa. Aambiwe jambo moja moja.

Nimemchukia mama mkwe njia nzima. Halafu nikakumbuka hakuna aliyenilazimisha kunywa. Nilikipenda kimpumu.

Jumamosi, 9 Machi
Shambani, kupiga matuta. Sikusema kitu. Nimelundika majani, nikayafukia kwa udongo, tuta la duara, yeye anatazama. Akapiga safu nzima, nafasi sawasawa kuliko zangu. Nikamuuliza tatu mara nne. Hajui. Nikamwonyesha safu tatu, kila moja matuta manne. Kapita akigusa kila tuta kwa mguu. Kumi na mbili. Nimelia. Hasira iko palepale.

Jumatatu, 11 Machi
Shule. Nimemweleza mwalimu yote. Kasema watoto ni wengi, hana muda wa kumshika mkono mmoja mmoja. Fimbo iko mezani.

"Mwalimu, aliyekunywa ni mimi. Kama ni fimbo, nichape mimi."

Kasema sawa. Agata atabaki la tatu, dawati la mbele, hadi likizo. Mwalimu atajaribu kumfundisha kwa kuhesabu mawe. Sikumshukuru.

Jumanne, 12 Machi
Jana jioni nilimwambia Agata mwenyewe. Kidogo kidogo. Nilikunywa pombe ukiwa tumboni. Ilikuumiza. Kosa si lako. Akasema, "Haya, mama," akaniegemea.

Leo asubuhi, anakunywa uji, kaniuliza kwa nini yeye anasahau sana. Nimeketi karibu naye, nikamwambia tena tangu mwanzo.