Swala Aliyekataa Kuingia

Mjukuu wangu Achieng,

Habari za chuoni? Sisi wa Obunga tu wazima. Goti la babu yako limepata nafuu, na shangazi yako Akinyi sasa anauza mitumba soko la Kibuye. Anakusalimia.

Umeniuliza kama tuliuchukia uzio wa hifadhi ya swala. Mimi niliwasaidia askari wa wanyama kuwaingiza swala humo! Miaka hiyo ya tisini tuliishi karibu na ziwa, na swala walikuwa wakizurura mashambani, wakila mahindi yetu na kunaswa kwenye mitego. Siku ya kuwaingiza, majirani wote tulipanga mstari tukipiga sufuria ili kuwafukuzia langoni.

Waliingia wote isipokuwa jike mmoja. Kila tulipomfukuza, aligeuka na kuujia mstari, palepale niliposimama.

"Huyo ni kichwa ngumu," askari wa wanyama akasema. "Mama, usimwachie nafasi!"

Nilikuwa nimemwacha Akinyi nyumbani tangu asubuhi, na alikuwa bado ananyonya. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu. Nikamtazama yule swala, nikashusha sufuria, nikasogea kando. Akapita mbio.

"Mama, umetorosha mnyama wa serikali!"

"Mfuateni polepole," nikamwambia.

Wakamkuta kwenye nyasi ndefu, akimlamba mtoto wake. Askari mwenyewe alimbeba yule mdogo hadi langoni, mama akimfuata kwa mbali. Mimi nilikuwa nishakimbilia nyumbani kwa Akinyi.

Unasema huko mnafundishwa kuhesabu wanyama walio ndani. Ni vizuri. Lakini akitokea anayekataa kuingia, mtazame kwanza.

Nyanya yako,
Mama Akinyi