Mlima Umejaa, Kisaki Kweupe

Nyandira, Mgeta,
Morogoro.
20 Septemba, 2002.

Mpendwa kaka Alois,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kaka. Mgongo unaendeleaje? Na wifi Hidaya, zile homa zimemwachia? Sisi wazima, namshukuru Mungu. Kikohozi cha baridi tu, nacho tumekizoea.

Barua yako jirani yako Salimu aliifikisha. Unasema mlimani tumebanana mno, kwamba Agnes wangu na mumewe Mikaeli wahamie huko kwako Kisaki wakapate ardhi pana, na shamba la marehemu mama pale kijitoni lipumzike. Nimeisoma mara tatu. Wewe ndiye mjomba wa mwanangu, na shamba lile halilimwi bila kauli yako. Kwa hiyo sibishi kaka, nakueleza tu.

Mwezi uliopita tumehesabiwa sensa. Karani alikuwa mwalimu Shakila, binti wa Shinyanga. Alifika anahema, akajibwaga juu ya jiwe. "Jamani, mmebanana kama njegere kwenye ganda! Mnafuata nini huku juu?"

Akaanza na shemeji Laurenti, mume wa dada Margareth. Watoto wangapi?

"Watatu, wako Kihonda."

"Na hawa sita waliokuzunguka?"

"Hawa wa ukoo wa mke wangu. Mimi nahesabu wa dada yangu."

Unamjua Laurenti, mila yetu ya mtoto kuwa wa ukoo wa mama kaishika kwa meno. Mwalimu kalamu ikamsimama. Dada akatoka jikoni na mwiko: "Na ugali unaogombania nao kila siku, huo wa ukoo gani?" Tulicheka mpaka mwalimu akafuta machozi. Mwishowe akaandika wote waliolala nyumba ile, na mimi nikahakikisha hakuna aliyerukwa.

Lile swali lake la tunafuata nini huku juu sikulijibu siku ile, ila nimelifikiria sana nikiwa na jembe mkononi. Watu hufuata maji, kaka. Mungu ameyaweka huku juu. Hata kiangazi kijito cha mama hakikauki. Mbung'o hawaiwezi baridi yetu. Tena kwetu ardhi ni ya mama: binti haondoki, bwana ndiye anayekuja. Kwingine mabinti wanaaga, kwetu wanaongezeka. Na tangu biashara iachiwe huru, magari ya Dar yanapanda mpaka hapa kufuata kabichi za matuta yetu ya ngazi. Mlima huu mdogo unalisha mji mzima! Acha nijivune kidogo, Mungu atanisamehe.

Lakini sikufichi. Udongo unachoka, na mvua za Aprili zimeteremsha ngazi mbili za Margareth. Na Agnes alipokuja kwako Julai aliipenda ardhi yako. Anasema jicho linachoka kabla shamba halijaisha. Ila alinisimulia pia tembo walivyomaliza mahindi yako kwa asubuhi moja, na wifi anavyoyafuata maji mbali. Huko hakukukosa watu kwa kusahauliwa, kaka. Kuna wenyewe, nao wana mikonga.

Wewe umekuwa na moyo wa kukaa kweupe kule, na kanisani nakutaja kwa fahari. Lima kwa amani. Ila shamba la mama, nakuomba, mpe Agnes.

Margareth na Laurenti wanakusalimu sana. Mikaeli amekutengea mbegu za viazi, Salimu akirudi atakuletea.

Nimeliweka hili mwisho makusudi. Wiki moja baada ya sensa Agnes alijifungua salama, binti, na tumempa jina la mama. Mwalimu Shakila alikuwa ameshafunga daftari lake. Serikali haikumhesabu huyu, kaka. Mhesabu wewe. Nitumie neno moja tu, nimwambie mama yake achukue jembe ashuke kijitoni.

Mungu akulinde, wewe na wifi, na mahindi yenu.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Yuliana