Godelieve iko muzuri, miye nimependeza

Mama Shema, uko? Niko nakuandikia mbio.

Tumetoka sasa hivi kwenye harusi ya mujukuu wetu, pale Mushaki. Bwana yangu Barthélemy anakaa kwenye kiti, anasema: «Godelieve iko muzuri.»

Godelieve! Ule mujane wa Kirolirwe mwenye anauzaka fromage, ile jibini ya maziwa!

Nikamuuliza: «Na miye?»

«Wewe umependeza.»

NIMEPENDEZA! Mama Shema, kupendeza ni ya liputa, ya kitenge cha kuvaa. Uzuri ni ya muntu mwenyewe. Na unajua wamama wote wa harusi tulivaa liputa moja, ile ya bluu, tena fundi ni mumoja! Sasa mbona Godelieve naye hakupendeza tu?

Sikugombana. Nikaingia chumbani, nikavua ile ya bluu, nikavaa liputa ya shamba yenye matope ya viazi. Nikasimama mbele yake. «Haya Papa, sema sasa.»

Akaniangalia weee. Akacheka. «Huyu njo Uwamariya mwenye nilioa.»

Lakini muzuri hakusema!

Nimemupa chakula, anakula. Miye nimesimama hapa na matope yangu, nangojea ile neno.