Kliniki ya Maji Mafu

Jumatano, mwezi 17 Mfungo Tano

Ndiyo leo umelikumbuka daftari, we bibi? Tangu mwezi uandame hujaligusa. Mgongo, mgongo. Mgongo hauandiki. Kaa hapa.

Leo kliniki ya watoto, barazani pa ofisi ya kijiji. Nimempeleka mjukuu wangu Riziki, mwaka na nusu. Kilo saba na robo. Kadi imeingia penye rangi nyekundu. Pakiti za lishe sikupewa. Nesi Anitha, anayevuka kuja siku ya kliniki tu, humpa mama mtu, ili amfundishe kulisha. Na mama mtu, binti yangu Mwanaidi, yuko majini. Bamvua hii, siku za maji makubwa, bahari inatoka mbali asubuhi, kila mwanamke wa Jibondo yuko kwenye mwani au anachokoa pweza. Asipoingia siku hizi, Riziki atakula nini? Kliniki nzima tulikuwa mabibi watatu. Mara ya tatu sasa siku yao inaangukia bamvua. Nimerudi na hasira, na mtoto mwepesi mgongoni.

Alhamisi, mwezi 18

Riziki kakataa uji. Ananyonya kidole. Sina la kuandika.

Jumamosi, mwezi 27

Mkutano wa kijiji. Bwana afya kavuka kuja kutuambia akina mama wa hapa hawana mwamko. Wasipojitokeza tena, kliniki itahamia Kilindoni, tuwavushe watoto wenyewe. Mwamko! Wanawake wameamka kabla ya jogoo.

Nikasimama. Shule sikwenda, najua herufi za chuo cha Kurani tu, hizi ninazoandikia, lakini bamvua naijua. Nikamwambia arudishe siku nyuma wiki moja, iwe maji mafu, bahari haitoki mbali, ambapo asubuhi mama wote wako nyumbani. Akasema ratiba inatoka juu.

"Na mwezi unatoka wapi, baba?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nesi Anitha akamnong'oneza kitu. Tumepewa nafasi moja, Jumatano ya mwezi nane Mfungo Sita. Watu wasipokuja, basi. Nimepita nyumba kwa nyumba: mwezi nane, leteni watoto.

Jumanne, mwezi 7 Mfungo Sita

Mjinga ni mimi. Nusu ya kijiji walianza mwezi kwa tangazo la redio. Sisi wengine tulingoja tuuone kwa macho, tukawa nyuma siku moja. Kwao leo ndiyo nane. Wamekuja asubuhi, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, wamekaa barazani mpaka jua likawafikia. Nesi hayupo. Wakaondoka wakinitaja.

Na mimi mwezi mzima nawasema watu kwa tarehe zao! Kwa nini sikusema Jumatano? Neno moja tu.

Nimezunguka tena nyumba zote, naomba radhi. Mimi. Bi Kuruthumu kanifungia mlango, nimesema naye dirishani. Mwanaidi kanicheka kwanza, kisha akaenda nyumba za upande wa pili mwenyewe. Wasipokuja kesho kliniki imekwenda, na aliyeiondoa ni mimi.

Jumatano, mwezi 8

Saa mbili, baraza tupu. Nesi kafika, shikamoo bibi, marahaba, akatundika mizani. Saa mbili na nusu, tupu.

Saa tatu huyo Bi Kuruthumu, mjukuu mgongoni.

"Leo nane ya nani? Yako au ya redio?"

Nimestahili. Nyuma yake wakaja wengine, wakaja, foleni ikafika kwenye tangi la maji. Mwanaidi kafundishwa, kapewa pakiti. Riziki kilo saba na robo vilevile. Bado nyekundu. Nilitaka kupiga mtu, hakuna wa kupiga.

Nesi kaniomba nimtajie maji mafu ya miezi ijayo, ayapeleke wilayani. Nimemtajia. Safari hii kwa majina ya siku.

Alhamisi, mwezi 16

Bamvua. Mwanaidi majini. Jibu la wilayani bado.

Riziki kamaliza pakiti nzima, kisha akailamba karatasi. Kalala kaukamata upindo wa kanga yangu, naandika kwa mkono mmoja.

Ukilifungua tena daftari hili, anza na kilo zake. Hasira zako baadaye.