Nani Alipunguza Upepo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani, hujulikana kama Mama Pancha. Umri: miaka 39. Kazi: fundi wa matairi. Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yao.

Mimi na mume wangu tunahudumia matairi ya malori kando ya barabara kuu. Sikuitwa hapa kituoni, nimekuja kwa miguu yangu.

Mnamo tarehe 11 Februari, saa 12:30 asubuhi, mume wangu alipima upepo wa matairi manane ya tela ya dereva tunayemwita Breki, kwa utani, maana breki za lori lake hazishiki. Matairi yalikuwa ya baridi. Yote yalisoma 110, naye akaandika 110 kwa chaki kwenye kila tairi. Kwetu chaki ni ya asubuhi. Tairi likishapata moto upepo hupanda wenyewe, na halipunguzwi mpaka lipoe; ukilipunguza likiwa na moto linabaki na upepo pungufu, na tairi pungufu chini ya mzigo huzidi moto likapasuka. Mume wangu ananiimbia wimbo huo kila siku mpaka masikio yameota sugu.

Saa 7:10 mchana Breki alirudi, tela imejaa saruji. Jua lilikuwa kali, lami inanata kwenye viatu. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua valvu. Breki alivuka barabara kuchukua karatasi zake ofisi ya mizani, akamwacha kaka yake kwenye lori. Huyo kaka mtu akaniambia, "Shemeji, hebu pima."

Nilipima. Yalisoma 128.

Akasema, "Chaki inasema 110. Hizi zitatupasukia. Rudisha kwenye chaki."

Nikamwambia, "Zina moto, shemeji. Subirini kivulini kwanza."

Akacheka. "Sema tu unaogopa kuvunja kucha. Basi tumngoje fundi mwenyewe."

Hapo nilipandwa na hasira. Miaka kumi na miwili nafungua magurudumu kwa mikono hii, bado naambiwa fundi mwenyewe. Nilipiga magoti nikatoa upepo, tairi moja baada ya jingine, mpaka yote yakasoma 110. Nilijua nakosea. Simsingizii marehemu, mkono ulikuwa wangu.

Saa 10:50 jioni Breki alikuja kwa pikipiki. Shati lake lilikuwa na damu hadi kwenye mkanda. Alisema tairi la nyuma kushoto lilipasuka kwenye mteremko, la pembeni yake likafuata, tela ikalala na kuliburuta lori. Kaka yake alisagwa kati ya mlango na lami. Breki hakupaza sauti. Alisema, "Nimepima yaliyobaki. Hakuna linalofika mia. Nani alipunguza upepo?"

Mume wangu alinitazama mara moja tu. Akasema, "Mimi."

Breki aliokota spana ya magurudumu. Pigo la kwanza lilimvunja taya; meno yalidondokea kwenye beseni tunalotafutia pancha, maji yakawa mekundu. La pili lilivunja mkono wa kulia, nikaona mfupa. Alipoanguka, Breki alimpiga mateke ya kichwa, na kwa kila teke alitaja jina la kaka yake. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Alinibamiza kwenye kompresa, akarudi kwa mume wangu. Wapakiaji wanne wa saruji waliokuwa wakipita barabarani ndio waliomkamata.

Muda wote huo ningeweza kusema neno moja tu: "Mimi." Nilimng'ata mtu badala ya kulisema. Niliogopa kufa, na aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Nasikia Breki yuko mahabusu hapa, anaamini aliyemuua kaka yake ni mume wangu. Naomba aambiwe. Na kama kuna shtaka la yale matairi, liandikwe kwa jina langu.

Nimesomewa maelezo yangu. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, askari wa zamu, tarehe 13 Februari, saa 4:20 asubuhi. Shahidi hakushurutishwa. Mpelelezi azingatie kuwa yanapingana na maelezo ya mume wake, aliyoyaandika jana wodini kwa mkono wa kushoto kwa kuwa hawezi kusema. Ya mume ni mistari miwili: "Upepo nilipunguza mimi. Mchana huo mke wangu hakuwepo."