Kwa Anton Lugembe, Aliyeonja Glasi ya Tatu

Mwaka umetimia leo, Babu, tangu asubuhi ile ya Machi 1975 ulipoletewa chai kitandani, ukaonja, ukamuuliza Bibi Nyamizi kama ameweka sukari. Bibi akasema ameweka vijiko vitatu. Ukajibu, "Haya, kama unasema ipo." Ukageukia ukutani, ukalala, na hukuamka tena.

Mhariri atuvumilie kwa urefu wa tangazo hili. Baba, yaani mwanao Masolwa, alikuwa ameshaandika mistari sita mizuri yenye picha yako ya kitambulisho, ile uliyokodoa macho kama umeambiwa bia imekwisha. Bibi akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia chini ya godoro. "Kalamu apewe Flavia," akasema. Hakueleza zaidi. Mimi, huyo Flavia, sikuuliza, maana nilijua.

Ulizaliwa Bukene, mtoto wa mpagazi. Baba yako alitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe begani mara nne, na kazi yake katika msafara haikuwa kubeba tu. Kila walipofika kisimani yeye ndiye aliyetangulia kuonja maji. Aliyashika mdomoni, akayatema, akasema ama "tunywe" ama "twende". Ulituambia hakukosea hata mara moja. Tulipouliza umejuaje, ulisema, "Angekosea, wewe ungezaliwa na nani?"

Ulimi huo ukaurithi wewe, ila Mungu alikuhurumia akakupa kitu kitamu kuliko maji ya kisima.

Ulikwenda misheni, njia ya Kipalapala, kuchimba handaki. Ulidhani ni la viazi. Kumbe Bruda Alfonsi, Mjerumani mnene aliyekuwa fundi seremala, alikuwa anataka mahali pa baridi pa kulaza pilsna yake, bia ya kwao, nyepesi, rangi ya majani makavu, inayolala wiki nyingi kabla ya kunywewa. Siku ya kwanza kufungua pipa alikupa uonje, akitegemea utakunja uso kwa uchungu. Wewe ukatulia, ukasema, "Bruda, hii ina harufu ya mahindi ya kuchemsha." Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja kukuomba radhi, kwa sababu kweli alikuwa ameifunika sufuria wakati wa kuchemsha, na harufu ile ikakosa pa kutokea. Tangu hapo hakufungua pipa bila wewe. Nawe kila ulipoingia handakini ulilisalimia pipa kwanza, "Mwangaluka," na ukangoja kidogo kana kwamba litaitika.

Alipoondoka kurudi kwao, mwaka wa pili wa Uhuru, alikuachia glasi sita nyembamba na ndefu. Ulizitunza kuliko ulivyowatunza wanao, na shangazi Koleta hadi leo hajasahau.

Vijana ambao Bruda aliwafundisha kupika bia walitawanyika, lakini hawakuacha kupika. Wengine walibaki misheni, wengine wakaenda klabu ya wafanyakazi wa reli, wengine wakahamia kijiji cha ujamaa njia ya Ulyankulu na mapipa yao. Shayiri, na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, zilikuja kwa parseli, zikagawanywa. Kila Sabasaba walileta bia zao kwenye maonyesho, zikapambanishwa, na mwamuzi mkuu kwa miaka minane ulikuwa wewe. Ulivaa koti la harusi yako. Mfukoni ulikuwa na kipande cha ugali baridi usiotiwa kitu, wa kusafishia ulimi kati ya glasi na glasi. Watu walikuja kukutazama unavyotafuna zaidi kuliko walivyotazama ng'ombe wa maonyesho.

Nani katika nyumba hii hajui masomo yako? Bia iwe angavu, uweze kusoma gazeti kupitia glasi. Povu lisimame muda wa Salamu Maria mbili, za mtu asiye na haraka. Kila unapopiga funda, povu liache pete kwenye kioo. Usiteme kama unavyotema maji, kwa sababu uchungu wa pilsna unahukumiwa kooni. "Uchungu wake ni mgeni mwenye adabu," ulisema. "Anabisha hodi, anasalimia, anaaga. Akigoma kuondoka, huyo si mgeni tena, ni shemeji." Ulimeza mafunda matatu, hukuongeza. Watu walipokucheka kwamba wewe ni mlevi usiyelewa, uliwajibu kwamba padri naye huonja kila siku na hakuna anayemshikilia begani kumpeleka nyumbani.

Na glasi za shindano, zile sita za Bruda, hazikuoshwa kwa sabuni. Majivu laini, maji mengi, kisha zikauke zenyewe kwenye upepo. Sabuni huua povu, na mafuta huliua zaidi. Kazi hiyo ulinipa mimi na ulisema hadharani kwamba hakuna mwingine unayemwamini.

Mimi nilikuwa mke wako. Wasiotujua wasishtuke: ndivyo babu anavyomwita mjukuu wake wa kike, na ndivyo anavyojitafutia matusi. Nilikuita kibogoyo ukiwa na meno yote. Niliwahi kukwambia askofu yupo mlangoni, ukatoka na viatu umevaa kushoto kulia. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini ulikuwa na sheria moja, uliyosema baba yako aliitoa katika njia ya misafara pamoja na utani wenyewe, kwa sababu watu waliolala porini pamoja miezi mitatu bila sheria hiyo wangechinjana. Utani haulali. Ukimtania mtu, kabla jua halijazama umwambie: nilikuwa nakutania. Usipomwambia, umemdanganya.

Sasa nafika kwenye Sabasaba ya mwaka 1974.

Jana yake tulikuwa uani. Nilikuwa nasugua glasi, nawe unajisifu. Ulisema ulimi huo haujawahi kudanganywa na mtu. "Hata na mke wako?" nikauliza. "Hasa na mke wangu," ukasema. "Ana akili nyingi, lakini zote za kitabu."

Basi. Asubuhi ile niligusa samli kwa ncha ya kidole, samli tuliyonunua dukani kwa rafiki yako Mzee Humaidi, nikapaka ndani ya glasi ya tatu. Kidogo sana, isionekane. Nilitaka povu lianguke, uduwae, ukune kichwa mbele ya watu, kisha nisimame niseme neno letu na turubai zima licheke. Ndivyo nilivyopanga.

Glasi ya kwanza ulisifu rangi. Ya pili ulisema imelazwa muda mfupi, wapishi wake walikuwa na haraka. Ya tatu ilipomiminwa povu lilipanda, likatazama watu, likafa. Waamuzi wenzako wawili wakaandika sifuri. Wewe ulinusa. Ukapiga funda, ukalamba mdomo wa juu polepole. Ukaweka penseli chini.

"Bia hii haina kosa," ukasema. "Ni nzuri kuliko zote za leo. Kosa liko kwenye glasi. Ina samli. Nileteeni glasi nyingine."

Ndugu Mwenyekiti wa shindano akasimama. "Samli, mzee? Kwenye bia?"

"Kwenye glasi, ndugu."

"Wageni wa mkoa wamekaa hapa, unatuambia glasi zetu chafu? Nani aliyeosha?"

Ukanigeukia. Hukuwa na hasira hata chembe, Babu. Ulikuwa unatabasamu kidogo, na sasa najua kwamba ulikuwa umeshanishika na unaningojea. "Mke wangu ndiye aliyeosha," ukasema. "Flavia, kulikuwa na samli?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama Mwenyekiti, nikawatazama wale wageni, nikakumbuka jinsi siku hizo neno hujuma lilivyokuwa likitajwa kila mkutano. Nikaogopa. Ningesema niliogopa tu, tangazo hili lingekuwa fupi. Lakini watu mia mbili walikuwa wananitazama, na mimi nilipotazamwa na watu sikujua kufanya kitu kingine ila kuwachekesha.

"Hapana, Babu," nikasema. "Nimeosha kwa majivu kama ulivyonifundisha. Labda ulimi umeanza kustaafu."

Walicheka mpaka turubai likatikisika. Sitaficha: kile kicheko kilikuwa kitamu. Mwenyekiti akasema mzee amefanya kazi nzuri miaka mingi, sasa apumzike. Ukanitazama kwa muda wa Salamu Maria moja. Ukachukua ugali wako mezani, ukautia mfukoni, ukatoka.

Jioni Mzee Humaidi alikuja nyumbani. Yeye bia kwake ni haramu na turubai lile hajawahi kulikanyaga, lakini habari ilikuwa imeshafika sokoni kabla yako. Alikaa kibarazani, nami nilikuwa nyuma ya pazia la mlango.

"Anton, wanasema umeonja samli."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Ya wapi?"

"Ya Igunga. Ina moshi kidogo. Kama ile yako."

"Basi ilikuwepo. Ulimi unaweza kuzua samli, moshi hauzui."

Ukasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nainuka nilipokaa. "Humaidi, Flavia amesema haikuwepo. Yule ananitania tangu ajue kusema, lakini utani wake huwa anausema. Jua limeshazama na hajaniambia kitu. Kwa hiyo ulimi ndio uliokosea."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Pazia tu.

Kesho yake ulizifunga glasi za Bruda kwenye blanketi ukazitia juu ya kabati. Wiki iliyofuata ulimuuliza Bibi kama mchuzi una chumvi. Alidhani ni mzaha wako. Ukauliza tena kesho yake, na siku zote. Mtu aliyejua kwa harufu tu kwamba sufuria ilifunikwa alikuwa anauliza kama maziwa yameganda. Mwenye duka la asali alipokuletea kopo uonje kama zamani, ulimwambia apeleke kwa vijana. Na mimi, kila asubuhi, nilisema leo nitamwambia. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Nikaenda jeshi la kujenga taifa. Kutoka kambini nilikuandikia barua tatu, zote za vichekesho, na ulijibu moja: "Mke wangu, sisi wazima. Bibi yako anasema karanga mwaka huu ni tamu. Mimi sijui."

Kisha ikaja simu ya maandishi.

Kwenye msiba wako watani walikuja kama ilivyo desturi, wakalala mbele ya jeneza lisitoke mpaka wapewe kitu, wakakuigiza unavyotafuna ugali. Mmoja akapaza sauti: "Mzikeni huyu haraka, ulimi wake ulitangulia tangu Sabasaba." Watu wakacheka, na wafiwa tukacheka, maana ndiyo kazi ya watani. Baba alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya jiko. Ule mzaha ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, na sasa unakwenda kaburini na wewe.

Siku ya arobaini nilimwambia Bibi yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Alipomaliza ungo wote akasema, "Mimi sikucheka siku ile. Nenda kawaambie waliocheka."

Nilichelewa tena karibu miezi kumi na moja. Ndiyo maana tangazo ni refu.

Kwa hiyo, ninyi mliokuwa chini ya turubai lile: kulikuwa na samli. Ndugu wa klabu ya reli, mliopika bia ya glasi ya tatu, bia yenu ilikuwa nzuri kuliko zote siku ile. Babu aliwaambia, nasi tukamcheka. Ndugu Mwenyekiti, glasi za shindano zilikuwa safi, zote ila moja. Na watani wetu, mzaha ule wa ulimi muuache sasa. Tafuteni mwingine, sisi wenye nyumba tutawapa wa kwangu: Flavia alisoma miaka kumi na moja asijue neno moja la kusema kabla ya jua kuzama.

Jana Bibi alishusha lile blanketi juu ya kabati. Glasi zote sita zipo. Nimeziosha kwa majivu, nikazisuuza mara tatu, zimekaa uani kwenye upepo. Klabu ya reli wameahidi kuleta pipa baada ya misa, na Mzee Humaidi amesema atakuja na chai yake mwenyewe akae nasi. Glasi ya tatu hatutainywa. Itamiminwa mbele ya kiti chako, na sote tutasali Salamu Maria mbili, bila haraka, tukilitazama povu.

Anakukumbuka mkeo halisi, Bibi Nyamizi, ambaye bado anatia vijiko vitatu. Wanakukumbuka wanao Masolwa na Koleta; rafiki yako Humaidi na nyumba yake; ndugu zako wote wa Bukene; na wajukuu zako, tukiongozwa na mke wako mdogo, Flavia, kwa aibu.

Ulimi wako haukukosea, Babu. Ilikuwa samli ya Igunga, yenye moshi kidogo. Nilikuwa nakutania.

Tutakukumbuka daima, wewe na neno lako.